Besi Mbili Kakesio

Mwanangu Yasinta,

Ng'ombe wameshakamuliwa, baba yako bado yuko zizini, na wewe umejifungia chumbani unapanga nguo. Nasikia zipu ya begi inafunguliwa, inafungwa, inafunguliwa tena. Kesho alfajiri utapanda basi la Arusha, na kutoka huko utakwenda Mwanza kwenye bendi iliyokuchukua. Sitakuandikia habari za kula kwa wakati wala za kuvaa sweta, maana hayo tumeyasema mpaka umechoka kuyasikia. Ningeweza kukurekodia kwenye simu, lakini ninajijua, ningefika katikati nikanyamaza. Kwenye karatasi mtu akinyamaza haonekani.

Naandika kwa sababu ya maneno uliyomwambia baba yako Jumapili mezani. Ulisema, "Baba, kama hutaki niende, sema. Usiwe unatoka nje kila nikiwasha amplifaya kana kwamba umesikia harufu mbaya." Baba yako aliweka kijiko chini, akanawa mikono, akatoka. Tangu siku hiyo humu ndani watu tunasalimiana tu. Yeye anapita jikoni kama mgeni, wewe unapita sebuleni kama mpangaji, na mimi niko katikati nahesabiwa kuwa upande wa kila mmoja wenu.

Halafu juzi nikaongeza kuni kwenye moto. Nilikuwekea kitandani seti ya nyuzi nyeusi kama zangu, nikakwambia uzifunge kwenye gitaa lako la besi kabla ya safari. Ulizirudisha mezani jikoni. Tukaziweka besi zetu mbili juu ya kochi, yangu na yako, tukaanza kushindana. Yako ina nyuzi tano, shingo nyembamba, nyuzi za chuma zinazong'aa, na ziko chini kiasi kwamba sarafu tuliyoipitisha chini yake ilikwama. Yangu ina nyuzi nne, nzito kama mchi, na sarafu ile ile ilipita bila kugusa kitu. Ulinipigia kipande kimoja kwa yako, kila noti ikasikika kama kijiko kwenye glasi, nami nikakwambia ina makelele. Ukapiga kipande hicho hicho kwa yangu, ukasema, "Mama, hii inaongea na blanketi mdomoni. Mwanza watanicheka."

Nilikujibu kwamba nyuzi nyeusi haziumizi vidole na hazili vyuma vya shingo ya besi. Ni kweli, lakini sababu niliyokupa haikuwa yote. Sababu yenyewe iko Kakesio, na baba yako aliniomba zamani nisikusimulie. Leo nimeamua kusimulia. Akikasirika, atanikasirikia mimi.

Unajua babu yako mzaa mama alitoka Singida kuja kuchuma kahawa, nasi tukakulia kwenye kambi ya shamba. Besi nilijifunzia kanisani, kwa sababu kijana aliyekuwa akiipiga alihama na hakukuwa na mtu mwingine aliyeitaka. Wasichana wote walitaka kuimba. Mimi sauti yangu unaijua. Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Joeli, alinipa ile besi akaniambia nikae karibu na mpiga dramu na nisimwache hata hatua moja. Vidole vilivimba. Usiku nilikuwa nalala nimeviloweka kwenye maji ya chumvi. Ndipo fundi mmoja wa Arusha akaniuzia nyuzi zilizovikwa plastiki nyeusi, laini, zisizokwaruza. Nilizinunua kwa sababu ya maumivu tu. Naomba ukumbuke hilo, kwa maana watu baadaye walisema nilikuwa na akili.

Mwaka huo kijana mmoja wa Kakesio, aliyekuwa anaongoza watalii kwenye hoteli za huku juu, alioa. Alitaka harusi yake ifanyikie kwao, kwenye boma la baba yake, na alitaka muziki wa aina mbili: kwaya yetu kwa ajili ya wazee wa kanisa, na bendi moja ya dansi ya hapa Karatu kwa ajili ya vijana wenzake. Tulipanda lori moja, kwaya na bendi pamoja, tukapita geti la hifadhi asubuhi kwenye ukungu, tukazunguka ukingo wa kreta, tukashuka upande wa Endulen tukitafuna vumbi mpaka Kakesio. Vyombo vyote vilikuwa vya kuchangia. Jenereta moja, maiki mbili, amplifaya moja ya besi.

Mpiga besi wa ile bendi alikuwa kijana wa Ganako, mrefu, mwenye kofia, anayecheka kabla hujamaliza sentensi. Aliitwa Bura. Ndiyo, baba yako. Najua hujawahi kumwona na kofia.

Alikuja nyuma ya hema nilipokuwa nakaza nyuzi, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa, akaiangalia besi yangu kama daktari wa mifugo anavyomwangalia ndama aliyekonda. Alisema nyuzi zangu ziko juu hadi mtu anaweza kuanikia nguo. Nilimwambia zake ziko chini, akipiga kwa nguvu zitagonga vyuma. Alisema ndiyo maana hapigi kwa nguvu, anapiga kwa ufundi. Akanipa yake nijaribu. Yasinta, ile besi ilikuwa kama hii yako. Mkono wa kushoto ulikuwa unateleza wenyewe. Noti ilikuwa inatoka kabla sijamaliza kuifikiria. Nilipiga nyimbo zetu zote za kwaya nyuma ya lile hema kwa sauti ndogo, bila umeme, na nikaona haya kwa jinsi nilivyofurahi.

Alikuwa na seti ya akiba ya nyuzi za chuma mfukoni mwa begi. Alisema nizichukue, nifunge sasa hivi, atanisaidia kushusha daraja ili nyuzi zikae chini. Nilikubali. Nilikuwa nimeshalegeza uzi wa kwanza, umening'inia kabisa, Mwalimu Joeli akaja mbio kuniambia bibi harusi amefika na kwaya inatakiwa. Nikaukaza uzi wangu mweusi haraka haraka, nikamwambia Bura tutamalizia baada ya zamu yangu.

Mvua ilikuwa imenyesha kidogo mchana. Ardhi chini ya hema ilikuwa na unyevu, na nilikuwa nimevua viatu kwa sababu visigino vilikuwa vinazama. Amplifaya ilikuwa inavuma. Ilikuwa inavuma siku zote. Ekstensheni tuliyokuwa nayo ilikuwa na plagi iliyokatwa ule waya wa tatu, waya wa ethi. Aliyeukata simjui, aliukata kabla yangu. Sote tulijua umekatwa. Mimi nilidhani waya wa tatu ni kama tai, kitu cha kupendezesha tu. Nilisimama pale miguu mitupu, nikapiga zamu yote ya kwaya, wazee wakacheza, akina mama wa boma wakarusha mabega mashanga yakalia, na sikuhisi chochote.

Kisha bendi ikaingia. Bura alichomoa kebo kwenye besi yangu, akaichomeka kwenye yake. Akaniambia nisiende mbali, nisikilize tofauti. Nilisimama kando ya amplifaya ili nisikilize. Alipiga utangulizi wa wimbo wa kwanza, na vijana wakapiga kelele kwa jinsi ulivyosikika. Aliniangalia akacheka. Yeye alikuwa pia anaitikia sauti ya pili, kwa hiyo mwimbaji alipofika kwenye kiitikio, Bura alisogea kwenye maiki akaweka mdomo.

Sikusikia sauti yake. Nilichosikia ni besi kupiga noti moja na kubaki hapo hapo. Nilidhani ni mbwembwe. Nikamwona amekaza shingo, macho wazi, midomo imeganda kwenye maiki, mkono wa kushoto umeishika shingo ya besi vidole vimekuwa vyeupe. Hakuanguka. Hilo ndilo lililowadanganya watu, kwamba alikuwa bado amesimama. Baadhi walikuwa wanaendelea kucheza.

Niliruka nikamshike. Mwanamke mmoja, mama yake bwana harusi, alinidaka gauni kwa nyuma, akalivuta kwa nguvu mpaka likachanika. Alinikemea kwa Kimaasai, na mpaka leo sijui aliniambia nini. Kama asingenivuta, tungekuwa wawili. Nilipoanguka nilianguka kando ya amplifaya, na mbele ya uso wangu ikawa ile kebo. Sikufikiri. Niliishika kwenye mpira, nikaivuta kwa mikono miwili mpaka ikachomoka.

Baba yako alianguka kifudifudi juu ya besi yake. Shingo ya besi ilivunjika kwa mlio ambao bado ninao masikioni. Alikuwa hapumui. Kulikuwa na muuguzi kati ya wageni, akampindua, akaanza kumkandamiza kifua, na mimi nilipiga magoti pale kwenye tope nikiwa nimeishikilia kebo. Jenereta lilikuwa linanguruma peke yake nje kama halihusiki. Muuguzi alikandamiza, akapumzika, akakandamiza. Mwalimu Joeli alikuwa ameshaanza kumwombea kwa maneno ambayo watu humwombea marehemu. Mimi nilimwambia anyamaze. Ndiyo mara pekee maishani mwangu niliyomwambia mwalimu anyamaze.

Alipovuta pumzi alivuta kama mtu anayetoka chini ya maji. Tulimpakia kwenye gari la bwana harusi, tukampeleka Endulen. Njia nzima kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu, na kila gari liliporuka kwenye shimo nilikuwa namwekea mkono puani kuhakikisha.

Makovu yale kwenye vidole vyake vya kushoto, aliyokwambia ni ya mashine ya kusaga, ni ya nyuzi. Yamekatiza vidole mstari kwa mstari. Siku moja mshike mkono uyaangalie vizuri, utaona hata nafasi kati ya uzi na uzi.

Baadaye fundi alifungua ile amplifaya akatueleza. Umeme ulikuwa unavuja ndani, umefika kwenye bodi ya chuma. Waya wa tatu ungekuwepo, umeme ule ungepata njia ya kwenda ardhini. Haukuwepo. Kwa hiyo ulipita kwenye kebo, ukafika kwenye nyuzi, ukasubiri njia nyingine, na mdomo wa Bura kwenye maiki ukaifungua. Mimi nilikuwa nimeushika mikononi zamu nzima, miguu mitupu kwenye tope, na kilichokuwa kati yangu nao ni utando mwembamba wa plastiki nyeusi, na sauti mbaya iliyofanya nisitamani maiki. Kama bibi harusi angechelewa kidogo, ningekuwa nimefunga zile nyuzi za chuma.

Nilipokwenda kumwona hospitali, hakuuliza habari za besi yake. Aliniuliza kama mimi nilikuwa nimepona. Nilimwambia mimi sikuumia. Akasema, "Nilikuona unavua viatu. Nilipokuwa pale, nilikuwa nawaza miguu yako." Mengine unayajua, nawe ni sehemu ya hayo.

Hakugusa tena besi. Alirudi Ganako kulima ngano na maharage, na aliponioa hakunikataza kupiga. Alikuwa anabaki nje ya kanisa mpaka wimbo uanze, ndipo anaingia. Mimi niliendelea na nyuzi nyeusi. Niliziagiza kila zilipochakaa, niliwaambia wenzangu wa kwaya ndiyo sauti ninayoipenda, na mwishowe hata mimi nikaamini. Kisha mwaka mmoja kijana wa kwaya ya jirani aliniazima besi yake ya nyuzi za chuma kwenye mkutano wa injili. Nilisikia ile sauti ya nyuma ya hema. Nilimrudishia besi yake kabla wimbo haujaisha, nikaenda kukaa kwenye gari. Nilipiga kwa woga miaka yote hiyo, Yasinta, na woga nikauita ladha yangu. Nyuzi si mbaya. Wapo wanaozipiga kwa kuzipenda, na wanazitendea haki. Mimi sikuwahi kuzichagua.

Juzi nilipokuwekea ile seti kitandani nilikuwa nataka kukuvisha woga huo huo, uende nao Mwanza. Ulifanya vizuri kuirudisha. Baki na nyuzi zako za chuma. Zishushe utakavyo. Ile sauti ni yako na ni nzuri, na nilipokwambia ina makelele nilikuwa namsikia mtu mwingine.

Lakini naomba ujue umeme ulivyo. Kwenye mfuko wa mbele wa begi la besi kuna testa. Kabla ya kugusa maiki, weka testa kwenye nyuzi, weka kwenye maiki. Ikiwaka, usipige. Uliza kama plagi ina waya wa tatu, na usikubali jibu, nenda ukaangalie mwenyewe. Patakuwa na mtu mwenye haraka. Siku zote yuko, atakwambia wageni wamekaa, atakwambia tumepiga hapa mwezi mzima na hakuna aliyekufa. Atakuona mshamba. Mwache akuone. Sisi Kakesio hakuna aliyemchelewesha mtu, tulikuwa wastaarabu sana.

Na kuhusu baba yako. Umemwona anatoka, hujamwona anakokwenda. Mimi dirisha la jikoni linanionyesha. Anatoka unapochomeka kebo, ule mlio wa "pu" ndio asioweza kuustahimili. Anasimama kwenye uzio wa zizi, ameshika mti kwa mikono miwili, mpaka wimbo uanze. Ukianza, analegea. Anabaki hapo hapo anasikiliza mpaka umalize, hata kukiwa na baridi. Asubuhi akikamua anapiga mluzi mistari yako ya besi, si ya mwimbaji, ya besi. Na ulipoleta ile amplifaya kutoka Arusha, zile siku mbili ulizokuwa unanung'unika kwamba hakuna umeme chumbani kwako, umeme ulikuwepo. Aliukata yeye. Alikuwa amemwita fundi afukie nondo ya shaba ya ethi nyuma ya nyumba na kubadilisha waya zote za chumba chako. Aliuza dume la ng'ombe kwa kazi hiyo. Aliniambia nikuambie ni hitilafu ya nguzo.

Sisemi ulikosea kumwuliza. Mtu asiyejibiwa hujijibu mwenyewe, na sisi wawili ndio tulionyamaza. Ningependa tu usifike Mwanza ukiwa na jibu lisilo lake.

Nimekatizwa. Baba yako ameingia. Ameona karatasi, akauliza kama nakuandikia wewe. Nikamwambia ndiyo. Akauliza nimefika wapi.

"Nimeshapita Kakesio," nikamwambia.

Nilidhani atatoka. Alivuta kiti akakaa. Alisugua vidole vya kushoto kwa kidole gumba cha kulia. Kisha akasema:

"Ule uzi wake mnene uko chini mno. Akiupiga kwa nguvu unagonga chuma. Kila siku nausikia."

Tangu tuoane sijawahi kumsikia akitaja uzi. Nilimwambia akakwambie mwenyewe.

"Atanisikiliza?"

"Sijui," nikasema. "Jumapili hukumjibu."

Ameinuka. Amepekua droo ya vyombo vyangu, amechukua kile kifunguo kidogo cha kuinulia daraja, amekiangalia kwenye taa kama mtu anayekumbuka jina. Sasa amesimama kwenye korido mbele ya mlango wako. Nasikia anakohoa. Zipu ya begi lako imenyamaza, nadhani nawe umemsikia.

Nitaikunja barua hii niiweke kati ya nguo zako, uisome kwenye basi. Mtakuwa mmeshaongea, au mtakuwa mmeshindwa, mimi sitajua mpaka asubuhi. Sitasogea hapa nilipo.

Amebisha.

Mama yako,
Ester